Kurasa za Wavuti Zinavyoingia Kwenye Faharasa ya Injini za Utafutaji na Kupewa Nafasi

Anayeandika "bei ya karafuu Pemba" kwenye simu yake na kupata majibu kufumba na kufumbua huwa hajatafuta kwenye wavuti. Ametafuta kwenye faharasa, yaani kitabu kikubwa cha maneno na anwani ambacho kampuni ya utafutaji ilikiandaa mapema na kukihifadhi kwenye seva zake. Ukurasa ulioandikwa jana usiku na afisa kilimo wa Wete, hata kama una bei sahihi kuliko kurasa zote, hautamo kwenye majibu hayo mpaka ugunduliwe, usomwe, kisha uingizwe kwenye faharasa. Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la nafasi: ukae juu ya upi na chini ya upi. Mambo haya manne huchanganywa mno. Mwenye tovuti hulalamika kwamba "haonekani Google", ilhali kasoro yaweza kuwa katika hatua yoyote, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine.

Mwanzoni hapakuwa na haja ya mashine. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti katika maabara ya CERN, Geneva, seva zilikuwa chache kiasi kwamba orodha yake iliandikwa kwa mkono. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alikuwa ametengeneza Archie, programu iliyokusanya majina ya mafaili kutoka seva za umma ili yatafutwe mahali pamoja. Archie ilijua majina tu. Yaliyomo ndani ya mafaili hayakuihusu. Mwaka 1993 JumpStation ya Jonathon Fletcher, wa Chuo Kikuu cha Stirling huko Scotland, iliunganisha kazi tatu ambazo injini za leo bado zinazifanya: kutambaa kutoka ukurasa hadi ukurasa, kujenga faharasa na kupokea maswali ya watu. Yahoo, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Jerry Yang na David Filo wakiwa Stanford, ilifuata njia ya maktaba, ambapo watu walizitazama tovuti na kuzipanga kwa mada. AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995 na kampuni ya Digital, yenyewe iliamua kusoma kila neno la kila ukurasa iliofika. Njia ya maktaba ilikuwa nzuri, na kwa mada nyingi ilitoa majibu safi kuliko mashine. Kilichoishinda ni wingi, kwa sababu wavuti iliongezeka haraka kuliko idadi ya wasomaji ambao kampuni ingeweza kuwalipa.

Programu inayozunguka kutafuta kurasa hupewa jina la buibui, maana wavuti ni wavu naye hutembea juu ya nyuzi zake. Nyuzi hizo ni viungo. Buibui huanza na anwani anazozijua, hufungua kila moja, hukusanya viungo vilivyomo, huviweka kwenye foleni vile ambavyo hajavipitia, kisha huendelea. Kwa hiyo ukurasa ambao hakuna ukurasa mwingine unaouelekezea ni kisiwa kisicho na gati. Ili kupunguza upofu huo, Google ilileta mwaka 2005 utaratibu wa ramani ya tovuti, faili ambamo mwenye tovuti huorodhesha anwani zake zote pamoja na tarehe zilipobadilishwa. Mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali. Mwaka 2021 Microsoft na kampuni ya utafutaji ya Yandex walizindua IndexNow, ambayo hugeuza mwendo huo: badala ya kusubiri buibui apite, tovuti yenyewe hutuma taarifa kwamba ukurasa fulani umezaliwa, umebadilika au umefutwa. Hata hivyo, kupeleka anwani si kukubaliwa. Ramani ya tovuti ni barua ya mwaliko, na mwalikwa ana foleni ndefu.

Urefu wa foleni hiyo hauna mfano. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba inafahamu anwani trilioni 130. Sehemu kubwa ya anwani za wavuti huzalishwa na mashine: kalenda ya tovuti yenye kitufe cha "mwezi ujao" humpeleka buibui mpaka mwaka 3000 bila kukutana na tukio hata moja, na duka linaloruhusu bidhaa zichujwe kwa rangi, ukubwa na bei hutoa maelfu ya anwani kwa bidhaa zilezile. Injini hulazimika kukadiria ni anwani ipi inayostahili safari, irudiwe baada ya muda gani, na seva ya upande wa pili ibebeshwe mzigo kiasi gani. Tovuti ya gazeti inayobadilika kila saa hutembelewa mara nyingi kwa siku. Ukurasa ambao haujaguswa kwa miaka mitatu waweza kungoja wiki nyingi. Seva ikijibu polepole, au ikirudisha ujumbe kwamba imezidiwa, buibui hupunguza mwendo kwa adabu. Hapo tovuti nyingi ndogo zilizopangishwa kwa bei ya chini, mamia yao ndani ya seva moja, hupoteza zamu bila wenyewe kujua.

Adabu hiyo ina historia. Mwaka 1994 Martijn Koster, mhandisi Mholanzi, alipendekeza kila tovuti iweke faili liitwalo robots.txt la kuwaeleza buibui wasipite wapi. Pendekezo hilo lilifuatwa kwa hiari kwa karibu miaka 30 kabla ya kuandikwa rasmi kama kiwango cha intaneti mwaka 2022. Linafanana na kibao cha "Mbwa Mkali" getini, ambacho humtahadharisha mstaarabu lakini hakimzuii mwizi. Faili hilo pia hueleweka vibaya. Linakataza kusoma, halikatazi kuorodhesha. Ukurasa uliofungwa kwa robots.txt waweza bado kutokea kwenye matokeo, anwani tupu bila maelezo, kwa kuwa kurasa nyingine zimeutaja. Anayetaka ukurasa usiorodheshwe kabisa huweka ndani yake agizo la noindex, na ili agizo hilo lionekane, lazima buibui aruhusiwe kuingia. Wanaofunga mlango na kuweka agizo ndani kwa pamoja hujikuta wamelificha agizo lao wenyewe.

Buibui akifika, kazi ya kusoma ina mitego yake. Kurasa za zamani zilikuja na maandishi yake yote. Kurasa nyingi za sasa huja kama ganda tupu na programu ya JavaScript inayojaza maandishi baada ya kufunguliwa. Injini inayotaka kuyaona lazima iufungue ukurasa kama kivinjari kinavyofanya, kazi inayokula umeme na muda, na ndiyo sababu mara nyingi huahirishwa na kuwekwa kwenye foleni ya pili. Picha ni tatizo jingine. Tangazo la ofisi lililopigwa mhuri, likapigwa picha na kupandishwa kama PDF, mbele ya mashine ni picha ya karatasi. Teknolojia ya kutambua herufi kwenye picha imeendelea sana, ila mhuri uliokaa juu ya maneno na nakala iliyoinama bado huishinda. Halafu kuna yale ambayo buibui hawezi kuyafikia kabisa. Mashairi, matangazo ya biashara, mawaidha na mijadala mingi ya Kiswahili huandikwa siku hizi ndani ya makundi ya WhatsApp, ambako buibui haruhusiwi kuingia. Kwa faharasa, maandishi hayo hayapo duniani.

Kinachosomwa hakiingizwi chote. Injini hulinganisha ukurasa mpya na zile ilizonazo ili kubaini nakala. Andrei Broder na wenzake, wakifanyia kazi AltaVista mwaka 1997, walionyesha namna ya kuukata ukurasa vipande vya maneno machache yanayofuatana na kulinganisha sampuli ya vipande hivyo, hivi kwamba kurasa mbili zinazofanana kwa sehemu kubwa hutambulika hata kama kichwa cha habari kimebadilishwa. Taarifa moja kwa vyombo vya habari ikichapishwa na blogu 40 neno kwa neno, injini huteua moja iwe mwakilishi na kuziweka nyingine pembeni. Tangu 2009 mwenye tovuti anaweza kutaja ni anwani ipi anayoiona kuwa ya asili, lakini injini huchukua kauli hiyo kama dokezo. Mwandishi wa kwanza hana uhakika wa kuteuliwa. Akinakiliwa na tovuti kubwa inayotembelewa na buibui kila baada ya dakika chache, nakala yaweza kuonekana mapema kuliko asili.

Faharasa yenyewe hufanana na ile ya nyuma ya kitabu cha kiada. Kila neno lina orodha ya kurasa linamotokea, pamoja na mahali lilipo: kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza, mwishoni. Swali "bei ya karafuu Pemba" likija, mashine huchukua orodha ya "karafuu", orodha ya "Pemba" na orodha ya "bei", kisha hutafuta zinapokutana. Kwa vile orodha hizo ni kubwa mno kwa kompyuta moja, faharasa hugawanywa katika maelfu ya mashine. Swali hupelekwa kwa zote kwa wakati mmoja, kila moja hutoa kurasa zake bora, na majibu huunganishwa.

Mpango huu ulianza katika lugha ambazo neno huwekwa kwenye orodha kwa herufi yake ya kwanza bila taabu. Kiingereza hubadilisha mikia ya maneno, na kanuni iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 ya kukata mikia hiyo ilitosha kwa miaka mingi. Kiswahili hubadilisha vichwa. Mwanafunzi anayetafuta "hatukununuliwa" kwenye kamusi hujifunza mapema kwamba haendi kwenye herufi H. Huvua viambishi mpaka afike "nunua". Mashine isiyojua sarufi hiyo huweka "mtoto" na "watoto" kwenye orodha mbili zisizofahamiana, na "jino" na "meno" vivyo hivyo. Wala kuvua viambishi kwa upofu hakusaidii. Ukiondoa "ki" kwenye "kitabu" inabaki "tabu", na "wakili" akivuliwa "wa" kana kwamba ni wengi, anapotea kabisa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi ya kuifundisha kompyuta kuchanganua neno la Kiswahili kwa kanuni za sarufi, na programu yake, SALAMA, ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini kuwezekana maabara si kutumika kwenye injini ya kibiashara. Kwa muda mrefu mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kupatikana alilazimika kubahatisha umbo ambalo msomaji angeliandika.

Injini za sasa zimelikwepa tatizo hilo badala ya kulitatua. Modeli za lugha zilizofunzwa kwa maandishi mengi hukata maneno katika vipande, hujifunza ni vipande vipi huandamana, na huliwakilisha neno kwa safu ya namba ambamo maneno yenye majirani wanaofanana hukaribiana. Neno "viungo" lina maana ya bizari na mdalasini, maana ya magoti na viwiko, na maana ya njia kati ya kurasa za wavuti, na modeli hutambua ipi inakusudiwa kwa kutazama kama karibu yake kuna pilau, daktari au tovuti. Oktoba 2019 Google ilitangaza kuanza kutumia modeli yake ya BERT kuelewa maswali ya Kiingereza, na kabla mwaka haujaisha ikaieneza kwa lugha zaidi ya 70. Ubora wa uelewa huo hutegemea maandishi yaliyotumika kufunza, na ya Kiswahili ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza, tena mengi yametokana na tafsiri, habari za redio za kimataifa na maandiko ya dini. Lugha ya sokoni na ya kijiweni imo kwa uhaba.

Baada ya kurasa maelfu kupatikana, zipi zije juu? Jibu la kwanza lilitoka kwa wataalamu wa maktaba kabla wavuti haijakuwapo. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge alieleza kwamba neno lina uzito kadiri linavyokuwa adimu katika mkusanyiko mzima. Katika swali la karafuu, "ya" haina thamani kwa sababu imo kila mahali. "Bei" ina thamani kidogo. "Karafuu" na "Pemba" ndizo zinazobagua. Ukiongeza na kigezo cha neno limetajwa mara ngapi ndani ya ukurasa, huku ukizuia ukurasa mrefu usijinufaishe kwa urefu wake, unapata kanuni ambayo Stephen Robertson na wenzake wa City University, London, waliikamilisha miaka ya 1990 kwa jina la BM25. Kanuni hiyo haijazeeka; ingali ikitumika kuchuja wagombea wa kwanza kabla ya hukumu nzito kufuata.

Udhaifu wake ni kuamini kila ukurasa unavyojieleza. Wauzaji waligundua upesi kwamba neno likirudiwa mara 200 kwa herufi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, msomaji halioni na mashine hulihesabu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, walichapisha njia ya kumsikiliza shahidi badala ya mwenye shauri. Kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kauli ya mtu wa nje, na uzito wa kauli hutegemea msemaji ni nani, na yeye amethibitishwa na nani. Wasomi wa hadithi za Mtume waliipima riwaya kwa isnadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea, karne nyingi kabla. Wanasayansi nao, tangu Eugene Garfield achapishe faharasa yake ya rejea mwaka 1964, waliyapima makala kwa idadi ya wanaoyarejelea. Kilichokuwa kipya kwa PageRank, kama njia hiyo ilivyoitwa, ni hesabu. Ukurasa wenye viungo vinne hugawa uzito wake mafungu manne. Wanaopokea nao hugawa. Mzunguko hurudiwa mpaka namba zitulie. Ni sawa na kumfuatilia mzururaji anayebofya viungo ovyo, na ambaye mara 15 katika kila 100 huchoka na kurukia ukurasa wowote, kisha kuhesabu anapita wapi mara nyingi. Faharasa yao ya majaribio ilikuwa na kurasa milioni 24 tu, lakini majibu yake yaliwaacha nyuma waliotangulia.

Waandishi hao hao, katika andiko hilo hilo, walionya kwamba injini inayolipwa na matangazo itaelemea upande wa watangazaji. Oktoba 2000 kampuni yao, Google, ilianza kuuza matangazo.

Mashahidi nao hununulika. Mara tu viungo vilipokuwa na thamani, yalizuka mashamba ya kurasa zisizosomwa na mtu yeyote, zilizopandwa ili zitaje tovuti fulani, na programu za kubandika viungo chini ya kila habari inayoruhusu maoni. Mwaka 2003 watani wa kisiasa walikubaliana kuunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aliyeshindwa vibaya" na wasifu wa Rais George W. Bush, na wasifu huo ukapanda kuwa jibu la kwanza la maneno hayo japo haukuwa nayo. Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama ya nofollow, inayomwezesha mwenye tovuti kusema kwamba kiungo fulani hakithibitishi. Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya Kijerumani ya BMW kwa kuwapa buibui kurasa tofauti na walizoziona watu, ikairejesha baada ya siku chache kasoro iliposahihishwa. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja Februari 2011 na Aprili 2012. La kwanza, lililopewa jina la Panda (ambalo halihusiani na kupanda wala kushuka, ingawa wengi walishuka), lilizishusha tovuti zinazozalisha makala mepesi kwa wingi; la pili, Penguin, liliwaandama wanunuzi wa viungo. Kuna kampuni zilizopoteza wageni wengi kwa usiku mmoja. Tangu hapo kila kigezo kinachojulikana hadharani huanza kuchakaa siku kinapojulikana, na usiri wa injini kuhusu vigezo vyake, unaochukiza kweli, una sababu isiyo ya hila pekee.

Vigezo vilivyoongezwa baadaye havina uzito sawa, na washauri wa masoko huvikuza kupita kiasi. Usalama wa mawasiliano, yaani anwani ya https, ulitangazwa kuwa kigezo mwaka 2014, na Google yenyewe ikasema ni chepesi. Kasi ya kufunguka nayo hupambanua kurasa zinazokaribiana ubora. Haiupandishi ukurasa usiojibu swali. Simu ilileta mabadiliko mazito kuliko hayo. Aprili 2015 kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zilipewa kipaumbele kwa wanaotafuta kwa simu, na kufikia 2023 Google ilikuwa imemaliza kuhama ili isome toleo la simu la tovuti kabla ya lile la kompyuta. Kwa Afrika Mashariki, ambako watu wengi huingia mtandaoni kwa simu na bando la siku, uamuzi huo ulichelewa. Mahali na wakati vina nguvu kubwa kuliko yote hayo. "Duka la dawa" likiandikwa Arusha haliwezi kutoa majibu ya Mombasa. Na siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, ukurasa wa mwaka jana wenye viungo vingi lazima uupishe wa leo usio na kiungo hata kimoja. Injini hutambua haja ya habari mpya kwa kuona maswali ya aina moja yakifurika ghafla.

Chanzo kikubwa cha hukumu za injini kilijulikana vizuri mahakamani. Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Google mwaka 2020, na katika uamuzi wa Agosti 2024 jaji Amit Mehta aliona kwamba kampuni hiyo ilidumisha ukiritimba kinyume cha sheria. Ushahidi ulieleza juu ya Navboost, mfumo unaokumbuka mibofyo ya watafutaji kwa miezi 13: wamebofya jibu lipi, na wamelirudia au wamelikimbia. Ilielezwa pia kwamba data ambayo Google hukusanya kwa miezi 13, Bing, injini ya Microsoft, ingehitaji zaidi ya miaka 17 kuikusanya. Mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu za wengine, malipo yanayoeleweka vyema mtu akijua kwamba kila swali linalopita huongeza ujuzi. Septemba 2025 jaji huyo alikataa kuilazimisha iuze kivinjari cha Chrome, lakini akaiamuru igawane baadhi ya data na washindani wanaostahili.

Hapa ndipo lugha yenye maswali machache inapoumia mara ya pili. Mibofyo ndiyo hufundisha, na swali linaloulizwa kwa Kiingereza mara milioni lina walimu milioni. Swali hilo hilo kwa Kiswahili lina wachache, kwa kuwa msemaji wake mara nyingi hulibadilisha kuwa Kiingereza baada ya kukata tamaa na majibu ya mwanzo, na kwa kufanya hivyo huacha ushahidi mdogo zaidi kwa atakayefuata. Viungo navyo ni haba. Magazeti na blogu nyingi za Kiswahili hutaja chanzo kwa jina bila kuweka kiungo, desturi iliyorithiwa kutoka karatasi, na hivyo ukurasa bora waweza kutajwa na wengi huku mashine ikiona hakuna aliyeutaja. Kwa hiyo nafasi ya chini ya ukurasa wa Kiswahili mara nyingi hutokana na uchache wa mashahidi, wala haipimi ubora wa maandishi.

Google pia huajiri maelfu ya watathmini wa nje wanaosoma matokeo kwa mwongozo wa kurasa nyingi, wakitazama uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu wa mwandishi, hasa kwa mambo ya afya na fedha. Alama zao hazipandishi wala kushusha ukurasa mmoja mmoja. Hutumika kupima kama badiliko linalopendekezwa kwenye algoriti limeboresha matokeo.

Mei 2024 Google ilianza kuwawekea watumiaji wa Marekani, juu ya orodha ya matokeo, majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, na baadaye ikayapeleka katika nchi nyingi. Chini yake mashine ni ile ile: faharasa hutoa kurasa, vigezo huzichuja, kisha modeli ya lugha hufupisha zilizochaguliwa na kutaja baadhi yake. Kilichobadilika ni mapatano. Kwa miaka zaidi ya 20 tovuti zilimruhusu buibui asome bure, nazo zikapata wageni. Sasa msomaji anaweza kuridhika na muhtasari bila kubofya, na aliyeandika ukurasa hubaki na gharama za seva. Wachapishaji kadhaa wamewafungia buibui wa kampuni za akili mnemba, ambao wengi hujitambulisha kwa majina tofauti na yale ya utafutaji, kama GPTBot wa OpenAI aliyetangazwa mwaka 2023. Kumfungia buibui wa utafutaji wa Google ni uamuzi mgumu zaidi, maana anayefanya hivyo hujiondoa kwenye faharasa nzima.

Kutoka kwenye faharasa kuna njia kadhaa. Ukurasa uliofutwa hurudisha namba 404 au 410, na buibui akiikuta tena na tena huliondoa jina lake. Uliohamishwa hurudisha 301 pamoja na anwani mpya, na sehemu kubwa ya sifa zake huhamia huko. Mwenye tovuti anaweza kuomba uondolewe. Mtu anayetajwa ndani yake pia, katika nchi fulani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Mhispania mmoja aliyelalamika kwamba kila jina lake lilipotafutwa, yalitokea matangazo ya gazeti ya mwaka 1998 kuhusu mnada wa nyumba kwa ajili ya deni lililokwisha kulipwa. Gazeti halikuamriwa kufuta chochote. Google ndiyo iliyoamriwa kuondoa kiungo kwa atakayetafuta jina hilo. Kurasa zenyewe ziliweza kubaki kwenye tovuti ya gazeti, kwenye anwani zile zile, kwa yeyote anayezijua.